Lile daftari bado unalo?

Dar es Salaam, Jumapili usiku

Shoga yangu Rehema,

Salamu nyingi, za Mwanza, za mama, za mtoto, majibu utanipa. Najua nimekaa kimya tangu Idi, na leo naandika kwa sababu nina shida, usinune. Nimepata sapu ya histolojia, lile somo la tishu kwenye hadubini, na sasa narudia mtihani. Ndiyo, ileile tuliyokuwa tukiwacheka wenzetu.

Kilichoniangusha ni viungo vya uzazi, hasa meza ya 14 kwenye ule mtihani wa kuhama meza kila kengele ikilia. Nainama kwenye hadubini, naona mikunjo juu ya mikunjo, kama kanga iliyosokotwa kwenye beseni, yote waridi na zambarau. Nikaandika haraka: kifuko cha shahawa. Kengele ikalia. Nafika meza ya 15 ndipo moyo unafanya paa! Ule ulikuwa mrija wa uzazi, pale kwenye ampula, mahali ambapo yai hukutana na mbegu. Nimemnyang'anya mwanamke mrija nikampa mwanamume. Side alicheka mpaka akakaa chini.

Na ningetulia ningeona. Kwenye mrija seli zimejipanga safu moja; nyingine zina silia, vile vinyweleo vinavyosukuma yai kuelekea mji wa mimba, na katikati yake zimebanwa zile nyembamba zisizo na silia, za kutoa majimaji. Kwenye kifuko cha shahawa mikunjo inaungana mpaka inaacha vijichumba, na ndani mna ute wa waridi. Wewe ulikuwa unasema "tafuta masega ya nyuki." Mbona sikukumbuka?

Epididimisi, ule mrija wa mwanamume ambamo mbegu hukomaa, niliipata, mbegu zimejazana katikati, haikosewi. Ila hilo jina "stereosilia" la vinyweleo vyake ni utapeli mtupu: hazitikisiki, si silia, ni mikrovilai, vile vijidole vya utando wa seli, zilizorefuka tu. Tezi dume nayo ilijitaja yenyewe kwa vile vijiwe vyake vya duara. Mji wa mimba hata usingizini: tezi zilizonyooka, yai bado halijatoka, zikijipinda kama meno ya msumeno, limeshatoka.

Narudi kwenye mrija, maana alama si kinachoniuma. Unakumbuka Dada Mwaju alivyolazwa, mimba imetunga kwenye mrija? Tulikaa kwenye lile benchi usiku kucha, daktari akatuambia huenda maambukizi ya zamani yaliharibu silia, yai likakwama njiani. Nikaapa pale kwamba mimi nikisoma... Haya, nimesoma, nimewekewa mrija wenyewe mbele ya macho, nimeshindwa kuutambua. Basi tu.

Sasa ombi. Lile daftari lako la michoro ya penseli za rangi. Usinipigie picha kwa simu, waridi inafifia na silia hazionekani. Lifunge kwenye gazeti, mpe kondakta wa basi la alfajiri, nauli ya mzigo nitalipa huku. Mtihani ni tarehe 9, kwa hiyo likifika tarehe 8 ni kama hukutuma.

Au ulilitupa ulipoacha chuo? Maabara vipi, siku hizi mnakata tishu wenyewe au bado ni malaria tu kutwa? Mama Neema amekulipa? Na yule wa Musoma anapiga bado, au ndiyo basi tena? Mtoto anatambaa? Ukijibu, nichoree silia pembeni ya barua, hata tatu.

Wako,
Zai