Pasi ya kuruka foleni: unanunua nini hasa?

Familia nyingi tunazozipangia safari za kwenda kwenye bustani kubwa za burudani hutuuliza jambo moja kabla hata ya kuuliza habari za hoteli: "Tukinunua ile pasi, si ndiyo hatutapanga foleni tena?" Tumelijibu swali hili kwa simu mara nyingi, na jibu huwa refu kuliko mteja alivyotarajia. Tumeona afadhali tuliandike lote hapa. Pasi hizi ni ghali, fedha yake kwa kawaida hairudishwi, na wanaoumia ni wale walionunua bila kujua vizuri wanalipia nini.

Kwa kifupi, foleni utapanga. Utapanga nyingine, iliyo fupi zaidi, na mara nyingi kwa saa uliyowekewa. Siku nzuri utasimama dakika chache tu. Siku ya msongamano unaweza kusimama robo saa au zaidi ukiwa na pasi yako mkononi, na hapo ndipo watu huanza kudhani wametapeliwa. Hawakutapeliwa. Ukielewa kinachotokea pale mbele utaelewa pia lini pasi inafaa na lini ni fedha iliyopotea.

Foleni mbili, viti vilevile

Kila bembea (kwa neno hili tunamaanisha chombo chochote cha kupanda bustanini) ina idadi ya watu inayoweza kuwabeba kwa saa moja. Idadi hiyo inategemea mabehewa, viti, na kasi ya wahudumu kuwafunga watu mikanda na kuwafungua. Bustani ikiuza pasi 100 au 10,000, viti ni vilevile. Kwa hiyo dakika unazookoa wewe mwenye pasi zimetoka kwa mtu mwingine, aliye kwenye foleni ya kawaida.

Karibu na mwisho wa njia, foleni hizi mbili hukutana. Pale husimama mhudumu anayeamua nani apite: anaruhusu kundi kubwa kutoka upande wa pasi, kisha kundi dogo kutoka upande wa kawaida, kisha anarudia. Tuchukue mfano wa bembea inayobeba watu 1,200 kwa saa, na foleni ya kawaida yenye watu 600. Kama viti vyote vingekuwa vyao, wangemalizika kwa nusu saa. Sasa tuseme asilimia 70 ya viti inakwenda kwa wenye pasi. Foleni ya kawaida inabaki na viti 360 kwa saa, na mtu wa mwisho kati ya wale 600 atasubiri saa moja na dakika 40. Foleni haikurefuka hata hatua moja, ila mwendo wake umepungua zaidi ya mara tatu. Ndiyo maana mgeni asiye na pasi anaweza kuona foleni fupi, akaingia kwa furaha, akajikuta hasogei.

Hesabu hiyohiyo inaeleza pia kwa nini upande wa pasi nao hukwama. Bembea ikiharibika kwa saa nzima, watu wote waliopaswa kuitumia saa ile hurudi kwa pamoja ikifunguliwa. Mhudumu anawapa wao kipaumbele, upande wa kawaida unasimama kabisa, na bado foleni ya pasi inafika hadi nje. Ukiona hivyo, nenda kwingine kwanza ikiwa muda wako unaruhusu.

Jina moja, bidhaa tofauti

Wageni wengi hujifunza mfumo wa bustani moja kisha hudhani bustani nyingine zinafanya vivyo hivyo. Haziko hivyo, na tofauti kubwa ni hii: kuna pasi za miadi na kuna pasi za wakati wowote.

Pasi ya miadi inakupa kipindi cha kurudi, kwa kawaida saa moja. Unachagua bembea kwenye programu ya simu, unaambiwa urudi kati ya saa fulani na saa fulani, na hadi hapo uko huru kula, kupumzika au kupanda kitu kingine. Ndivyo ilivyo kwenye bustani za Disney nchini Marekani. Mfumo wao wa kwanza, FastPass, ulianza mwaka 1999 ukiwa wa bure: uliingiza tiketi kwenye mashine iliyo karibu na bembea, ikakutolea karatasi yenye saa ya kurudi. Baadaye pale Walt Disney World, Florida, karatasi zikaondoka na nafasi zikawa zinashikwa mapema kwa simu na kutumiwa kwa bangili. Mfumo wa kulipia, Genie+, ulikuja Oktoba 2021, na Julai 2024 ukabadilishwa kuwa Lightning Lane Multi Pass. Tunaitaja historia hii kwa sababu bado kuna wageni wanaofika wakitafuta zile mashine za karatasi, au waliosikia kwa ndugu zao kwamba huduma ni ya bure. Ilikuwa bure kweli. Sasa si bure tena.

Kwa Florida, ukilala kwenye hoteli za Disney zenyewe unaweza kushika nafasi siku 7 kabla ya kuanza kukaa hotelini. Wengine wanaanza siku 3 kabla ya siku ya bustani. Nafasi hufunguliwa saa moja asubuhi kwa saa za Florida. Unachagua bembea hadi 3, na ukishatumia ya kwanza unaongeza nyingine. Bembea moja huwezi kuirudia kwa pasi hii siku hiyohiyo. Halafu kuna bembea chache zinazotafutwa sana ambazo hazimo kabisa kwenye Multi Pass: unazilipia moja moja kwa Single Pass, hadi mbili kwa siku. Mfano ni Avatar Flight of Passage. Hili ndilo linalowachoma watu kuliko yote. Mtu amelipia pasi ya familia nzima, anafika kwenye bembea ambayo mtoto ameizungumzia mwaka mzima, anaambiwa hii haimo.

Pale Disneyland, California, jina la pasi ni hilohilo lakini unaanza kuchagua baada ya kuingia bustanini, si siku kadhaa kabla. Kwa hiyo ushauri wa rafiki yako aliyekwenda Florida unaweza usikusaidie kabisa California.

Pasi ya wakati wowote ni nyepesi kueleweka. Unafika, unaionyesha, unaelekezwa upande mfupi. Universal Express, pasi ya bustani za Universal, ni ya namna hii. Ipo ya kutumia mara moja kwa kila bembea, na ipo ya Unlimited, ya kurudia upendavyo. Kwenye bustani zao za Orlando, Florida, kuna jambo ambalo tungependa kila mteja wetu alijue: hoteli tatu za Universal, yaani Portofino Bay, Hard Rock Hotel na Royal Pacific, huwapa wageni wao Express Unlimited kwa bustani mbili, Universal Studios Florida na Islands of Adventure, kuanzia siku ya kuingia hotelini hadi siku ya kuondoka. Usiku mmoja hotelini unaweza kukupa pasi ya siku mbili kwa kila aliye chumbani. Kwa familia ya watu wanne au watano katika msimu wa likizo, mara nyingi chumba kinatoka nafuu kuliko pasi zenyewe. Ila faida hiyo haihusu Epic Universe, bustani iliyofunguliwa mwaka 2025, na tiketi za kuingilia bado unazinunua kando.

Disney nao walianzisha pasi ya wakati wowote Oktoba 2024, Lightning Lane Premier Pass, unayoitumia mara moja kwa kila bembea iliyomo. Bei yake ni ya juu sana. Tunaitaja ili ujue ipo. Ni wateja wachache sana tungewashauri waichukue.

Kuna na aina ya tatu inayochanganya watu: pasi inayokuondoa kwenye mstari bila kukupunguzia muda wa kusubiri. Kwa miaka mingi ngazi ya chini kabisa ya Flash Pass, kwenye bustani za Six Flags, ilifanya kazi hivyo. Foleni ikiwa ya saa moja, unasubiri saa moja, ila umekaa kivulini na kifaa chako kinakwambia wakati umefika. Waliotaka muda upungue walilipia ngazi za juu. Si huduma mbaya, hasa kwa mtu asiyeweza kusimama muda mrefu kwenye jua. Lakini aliyedhani amenunua kasi, akakuta amenunua kiti cha kusubiria, siku yake inaharibika. Soma ngazi, usisome jina tu.

Usichanganye hizi pia na foleni pepe, ambayo ni ya bure. Europa-Park ya Ujerumani, kwa mfano, hukuwezesha kushika zamu kwenye baadhi ya bembea zake kupitia programu ya simu bila malipo.

Mambo ambayo pasi haifanyi

Haikuingizi bustanini. Pasi na tiketi ni vitu viwili, na kila mtu anahitaji vyote viwili, watoto wakiwemo. Kwenye bustani za Disney Marekani mtoto aliye chini ya miaka 3 hahitaji tiketi, na hapo hakuna pasi ya kununua.

Haiondoi masharti ya kimo. Hili tunalisisitiza kwa wazazi kwa sababu tunajua machozi yake. Avatar Flight of Passage inataka sentimita 112. VelociCoaster ya Universal inataka sentimita 130. Mpimeni mtoto nyumbani, bila viatu, kabla hamjalipa chochote, kisha hesabuni bembea anazoruhusiwa. Zikibaki mbili au tatu zenye foleni ndefu, pasi ya mtoto huyo haina kazi.

Na hailipii kila bembea. Bembea mpya mara nyingi huachwa nje ya mfumo kwa muda. Ile ya pikipiki za Hagrid, mhusika wa hadithi za Harry Potter, huko Islands of Adventure ilifunguliwa mwaka 2019, na kwa miaka kadhaa Express haikukubaliwa pale. Orodha hubadilika, kwa hiyo iangalie kwenye programu ya bustani yenyewe wiki ya safari, hata kama uliishaiangalia miezi sita iliyopita.

Bembea ikiharibika ndani ya kipindi chako, tulia. Kwenye mfumo wa Disney, miadi hiyo kwa kawaida hugeuzwa kuwa ruhusa ya kutumia bembea hiyo ikirudi, au nyingine zilizotajwa, siku ileile. Usiondoke bustanini ukidhani imekufa.

Kabla ya kutoa fedha

Kuna njia za bure ambazo wageni wengi hawazijui, na kwa maoni yetu zijaribiwe kwanza. Kama mna mtoto asiyefikia kimo, ulizeni mlangoni kuhusu kubadilishana: mzazi mmoja anapanda, mwingine anabaki na mtoto, kisha wanabadilishana bila yule wa pili kupanga foleni upya. Kama mko tayari kukaa viti tofauti, tafuteni foleni ya mtu mmoja mmoja. Watoto wakubwa huipenda. Na kuna asubuhi. Wageni wa hoteli za Disney Florida huingia dakika 30 kabla ya wengine, lakini hata asiye mgeni wa hoteli, akiwa langoni kabla ya kufunguliwa, atapanda bembea mbili au tatu kubwa kabla umati haujajaa. Saa ya mwisho nayo ni nzuri: ukiingia kwenye foleni kabla ya muda wa kufunga, kwa kawaida unaruhusiwa kumaliza.

Mwenye ulemavu au hali inayomzuia kusubiri kwenye foleni ya kawaida asikimbilie pasi ya kulipia. Disney wana Disability Access Service, ambayo ni ya bure na huombwa kwa mazungumzo ya video kabla ya safari. Masharti yake yalikazwa mwaka 2024, na si kila hali inakubaliwa, kwa hiyo anzeni mapema. Bustani nyingine nyingi zina utaratibu wao.

Ukishapitia hayo, swali la pasi linakuwa rahisi zaidi. Una siku moja tu, ni msimu wa likizo za shule, na kila mtu kwenye kundi ana kimo cha bembea kubwa? Nunua, na ununue mapema, kwa sababu bei hupanda na siku zenye watu wengi na pasi zenyewe huweza kuisha. Una siku nne, katikati ya wiki, nje ya msimu? Tungekushauri uache. Foleni ya dakika 15 hailipiwi. Una watoto wadogo wanaolala mchana? Pasi ya miadi itawaburuza kutoka upande mmoja wa bustani hadi mwingine wakati wanataka kupumzika. Kama ni lazima, chagua ya wakati wowote.

Ukinunua ya miadi, beba betri ya akiba, kwa sababu siku nzima itakuwa mikononi mwa simu yako. Unganisha tiketi za kundi lote kwenye akaunti moja kabla ya safari, si mbele ya lango. Na ukipita upande mfupi, pita kwa adabu. Watu wa upande wa pili wanakuona, na wengi wao wamesimama na watoto.

Ukitaka tukusaidie kuamua, tutumie tarehe za safari, majina ya bustani, umri na kimo cha kila mtoto, na bembea tatu ambazo familia haiko tayari kuzikosa. Tutakuandikia siku moja baada ya nyingine, tukionyesha wapi pasi inaokoa muda na wapi haiokoi, na kama hesabu inaonyesha huihitaji, tutakwambia hivyo.