Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Maji, Kisima na Karatasi ya Langoni

Wanachama wenzangu, wazee wetu, kina mama na vijana,

Naanza na mepesi ili tupate muda wa mazito. Taa za barabara ya nyuma ziliwaka mwezi wa pili na bado zinawaka. Mlinzi wetu wa usiku amepata koti la mvua. Takataka zinabebwa Jumanne na Ijumaa, ingawa Ijumaa nyingine huwa Jumamosi. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Nimezipitia na kuzitia sahihi, ila maswali ya pesa muulizeni yeye, maana mkiniuliza mimi nitamtazama yeye. Mwaka huu tumewazika wanachama wawili. Naomba tusimame dakika moja.

Asanteni. Sasa maji.

Mwaka jana, nilipofika ajenda ya sita iliyosema "maji taka yaliyosafishwa upya", mzee wetu mmoja wa Jengo la Tatu alisimama bila kuinua mkono akauliza, "Mwenyekiti, yaani unataka kutunywesha choo?" Ukumbi ukacheka, nami nikacheka, ajenda ikafia pale pale. Lakini kabla ya maombi ya kufunga mliiagiza kamati ikachunguze. Tumechunguza. Nakiri kwamba niliianza kazi hii nikiwa upande wa yule mzee.

Hali yetu hamhitaji kuambiwa. Mgao kwenye karatasi ni siku mbili kwa wiki, na maji yakija huja saa nane usiku, yakitanguliwa na ule mkoromo wa hewa kwenye bomba ambao kila mama wa mtaa huu huusikia hata akiwa usingizini. Siku nyingine ni mkokoteni na mitungi ya lita 20, na bei ya mtungi hupanda kadiri jua linavyopanda. Nairobi ilianza kwa chemchemi za Kikuyu, ikaenda Ruiru, ikaenda Sasumua, ikaenda bwawa la Ndakaini lenye mita za ujazo milioni 70, kisha ikatoboa mlima kule Murang'a kwa njia ya chini ya ardhi ya karibu kilomita 12. Kila tukipungukiwa tunakwenda mbali zaidi na kuchota kwa jirani, na wenzetu wa Murang'a wameshalalamika hadharani. Sijui jirani atavumilia mara ngapi.

Kisima chetu kirefu kilikuwa ndiyo fahari yetu. Mwezi wa tatu, mama mmoja alimleta mwanawe wa darasa la pili mbele ya kamati akamwambia afungue kinywa. Meno mapya ya mbele yalikuwa na madoa ya kahawia, kama kikombe ambacho hakijasuguliwa baada ya chai. Tulipeleka chupa ya maji maabara. Floridi, madini ambayo yakizidi kwenye maji hutia meno madoa, ilizidi mara mbili kikomo cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ni miligramu 1.5 kwa lita. Wala si sisi peke yetu: miamba ya volkeno iliyo chini ya jiji ndiyo huachia floridi, na visima vingi vya Nairobi vina shida hiyohiyo. Kosa letu ni kwamba miaka yote tulikuwa tunayapima maji kwa ulimi, na floridi ya kiasi hicho ulimi hauijui. Maji yalikuwa maangavu, baridi, matamu. Tuliyaamini kwa sababu tulijua yametoka chini ya miguu yetu.

Kamati ilibishana usiku mzima kama tutangaze. Mjumbe mmoja alisema landilodi watapoteza wapangaji, na hakuwa anakosea. Tulipiga kura, tano kwa tatu, karatasi ya maabara ikabandikwa langoni kando ya kibanda cha mlinzi. Wiki ile sikupokea simu hata moja ya heri. Tangu hapo tunapima kila mwezi, na karatasi hubandikwa siku ileile inapofika, iwe nzuri au mbaya. Maji ya kisima sasa ni ya kufua na kudeki tu. Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba watu wameanza kuisoma. Mlinzi anajua floridi ya mwezi huu na ya mwezi uliopita, na mama anayeuza chapati hapo nje alinisimamisha siku moja kuniuliza kwa nini karatasi imechelewa siku tatu. Sikuwa na jibu zuri.

Mwezi wa saba, wajumbe kumi na mmoja tulikodi matatu hadi Ruai, kwenye mtambo ambao kila mtu huuita wa Dandora. Ndio mkubwa kuliko yote jijini. Ulijengwa kupokea mita za ujazo 160,000 kwa siku, ilhali ule wa Kariobangi ni 32,000. Kwa hesabu ya mkokoteni, mita moja ya ujazo ni mitungi 50, kwa hiyo Ruai ni mitungi milioni nane kila siku ya Mungu. Nilidhani nitaona mashine zikinguruma. Ni mabwawa, safu baada ya safu. La kwanza lina kina kirefu, jeusi, likitoa mapovu polepole kama uji unaoanza kuchemka. Humo bakteria wasiotaka hewa ndio wanaokula uchafu. Linalofuata ni kijani kwa sababu ya mwani. Ya mwisho yana kina kifupi, na huko jua ndilo linaloua vijidudu. Nilikuwa nimebeba leso ya kuziba pua, nikaisahau mfukoni nilipowaona ndege. Wapo wa kila aina, na wapenzi wa ndege wa Nairobi wameyajua mabwawa hayo miaka mingi kabla yetu.

Pale kwenye ukingo wa bwawa la mwisho, binti mmoja wa kamati ya vijana aliuliza swali dogo: haya maji yakitoka hapa yanaenda wapi? Yanaingia mtoni, kisha Mto Athi. Halafu? Athi ikishuka huitwa Galana, ikishuka zaidi huitwa Sabaki, na humwagikia baharini karibu na Malindi. Nikabaki nikimtazama. Shemeji yangu anaishi Kisauni, Mombasa. Kule Baricho, kando ya Sabaki, ndiko kuna visima vinavyopeleka maji Malindi na Mombasa. Na Bwawa la Thwake, linalojengwa upande wa Makueni ili liwape watu maji ya kunywa, linautegemea mto huohuo. Siwezi kusema Wapwani wanakunywa choo chetu. Kati yetu na wao kuna mamia ya kilomita, mito mingine, jua na mchanga unaochuja. Lakini siwezi tena kusimama hapa niseme kwamba maji tunayoyamwaga hayanywewi na mtu. Tofauti ni kwamba wao hawakupewa ajenda ya sita wacheke.

Tukawatafuta waliotangulia. Wa kwanza wako hapahapa Afrika. Windhoek, mji mkuu wa Namibia, umekuwa ukisafisha maji taka na kuyarudisha moja kwa moja kwenye mabomba ya kunywa tangu 1968, kabla ya mji mwingine wowote duniani kufanya hivyo kwa kudumu. Mtambo mpya wa Goreangab ulianza 2002, na unaweza kutoa mita za ujazo 21,000 kwa siku. Mambo mawili ya Windhoek yalinigusa. Kwanza, uko mbali na bahari na juu kwenye nyanda, kama sisi. Miji mingi husukuma maji kwa nguvu kupitia utando wenye vitundu vidogo mno, na utando huo hubakisha maji ya chumvi kali ambayo mji wa pwani huyamwaga baharini. Sisi tungeyamwaga wapi, Embakasi? Windhoek wanatumia ozoni, kaboni ya kunyonya uchafu, vichujio vyembamba na klorini, wakachanganya na maji ya vyanzo vingine. Pili, waliyatenga maji taka ya viwandani. Yanayoingia Goreangab ni ya nyumbani. Huku kwetu, maji ya jikoni kwako na ya kiwanda cha Industrial Area hukutana kwenye bomba moja, na hapo ndipo mhandisi mwanachama wetu, ambaye ni mtu wa maneno machache, alisema, "Bila kutenganisha, sahau."

Wa pili ni Orange County, California. Huko palikuwa na mamlaka mbili. Ya maji ilikuwa inaona bahari ikisogea chini ya ardhi na kutia chumvi visima vyake. Ya maji taka ilikuwa inakabiliwa na gharama ya kujenga bomba la pili la kumwaga baharini. Mmoja ana kiu, mwenzake amefurikiwa, na wote wanaishi mtaa mmoja. Wakaweka fedha pamoja, na mtambo wao ukaanza 2008: vichujio vyembamba, kisha utando, kisha miale ya urujuanimno pamoja na haidrojeni peroksaidi, halafu maji yanarudishwa ardhini kuongeza akiba ya visima. Tangu 2023 unaweza kutoa galoni milioni 130 kwa siku, karibu lita milioni 490. Ila kabla ya maji walitanguliza maneno. Miaka mingi kabla ya kufungua mfereji walikuwa wanazunguka kwa wananchi, kikundi kwa kikundi, wakieleza na kujibu, na matokeo ya vipimo wanayatoa hadharani.

Nisiwafiche walioshindwa. Mwaka 2006 mji wa Toowoomba, Australia, ambao mabwawa yake yalikuwa yanakauka, ulipiga kura ya maoni kuhusu jambo hilihili, na takriban asilimia 62 wakakataa. Hawakuwa wajinga. Waliletewa mpango ukiwa umeshapikwa na kupakuliwa, wakaambiwa wale.

Kwa Nairobi, nusu ya ndoa imeshafungwa. Kampuni inayotuletea maji ndiyo inayobeba maji taka yetu, jambo ambalo Orange County iliwalazimu kutia saini mikataba ili walipate. Lakini mitambo mikubwa hujengwa na wakala mwingine, Athi Water Works. Kibali cha kuchota au kumwaga mtoni ni cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Mazingira ni NEMA. Bei na viwango vya huduma ni bodi ya udhibiti, WASREB. Tuliandika barua kwa zaidi ya ofisi moja. Kwingine tulijibiwa vizuri. Barua moja ilizunguka miezi minne ikarudi kwetu na mhuri mpya na hakuna neno lililoongezwa. Sitaji ni wapi, kwa sababu bado tunahitaji kukaa nao meza moja.

Huku nyumbani tulijaribu kidogo. Jengo la Kwanza lilikubali maji ya bafu na ya kufulia yakusanywe kwenye tangi chini, yachujwe kwa mchanga, yarudi kuvuta choo. Miezi miwili yalikwenda vizuri, na wakazi walinunua mitungi michache zaidi ya hapo awali. Kisha ikaja Pasaka. Watu wakaenda ushago, pampu ikazimwa, na maji hayo yakakaa tangini siku tano, wakati hayafai kulala zaidi ya siku moja. Waliorudi Jumatatu usiku waliikuta harufu ikiwasubiri ngazini. Kosa lilikuwa la kamati: hatukumwachia mtu funguo wala maagizo. Sasa kuna daftari, na anayezima pampu hufungulia tangi likauke na kutia sahihi. Wapangaji wawili hawajatusamehe, na wana haki.

Nimelieleza hilo kwa urefu kwa sababu tangi la lita 5,000 lilitushinda kwa siku tano za likizo. Mtu akiniuliza leo kama sayansi ya kusafisha maji taka hadi ya kunywa ipo, nitamwambia ipo, na wazee wa Windhoek wameyanywa tangu ujana wao. Akiniuliza kama Nairobi iko tayari, nitamuuliza nani atakuwa na funguo siku ya Pasaka, na karatasi itabandikwa lango gani. Kisima tulikiamini kwa sababu ya kilikotoka, kikatutia doa watoto. Nisingependa sasa tuyakatae maji mengine kwa sababu hiyohiyo ya yalikotoka, wala tuyakubali kwa sababu mtu mwenye tai ametuambia ni safi.

Kwa hiyo kamati inaleta hoja hii. Tuungane na vyama vya mitaa jirani tuombe mashirika husika yaketi pamoja kuhusu maji ya Ruai, yakianzia kwa viwanda, ujenzi na kumwagilia, ili maji ya Ndakaini yaliyo safi tayari yabaki kwa vinywa. Maji taka ya viwandani yatengwe kabla mtu yeyote hajataja neno kunywa. Na vipimo vitolewe kwa umma tangu siku ya kwanza, hata kabla ya mtambo mpya, viwe vizuri au vibaya. Ibara ya 43 ya Katiba inatupa haki ya maji safi na salama ya kutosha. Mimi nasoma hapo pia haki ya kuiona karatasi.

Kura itapigwa kwa kuinua mkono baada ya hesabu za mweka hazina. Mzee wetu wa Jengo la Tatu ameniomba dakika tano za kupinga hoja. Nimempa kumi.

Mwenyekiti, kwa niaba ya Kamati Kuu