Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama wazalishaji wa mbegu za nafaka, Mwanza

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atazisoma mhazini, na mabadiliko ya uanachama yako kwa katibu. Mimi naomba tukae na jambo moja lililotusumbua msimu huu, Misungwi hadi Magu: magunzi ya mahindi yenye mapengo, yaani yaliyokosa punje.

Mbolea hulaumiwa kwanza, na mara nyingi inaonewa. Kila udevu wa hindi unaelekea kwenye ovuli moja tu, chumba kidogo kinachobeba yai na kinachoweza kuwa punje. Chavua, unga wa kiume unaotoka kwenye mbelewele (ua la kiume kileleni mwa mmea), ikitua juu yake huotesha mrija unaoshuka ndani ya udevu kwa takriban saa 24, ukibeba seli mbili za kiume. Moja huungana na yai, tukapata kiinitete, mche mchanga ndani ya mbegu. Ya pili huungana na viini viwili vya seli ya kati, ikatengeneza endospermu, ile sehemu yenye wanga inayojaza punje. Udevu usipopata chavua, punje yake haipo, hata ukimwaga mbolea kiasi gani.

Kwa hiyo gunzi lisomwe. Ncha ikiwa tupu kabisa, ndevu zake zilichelewa: za kitakoni hutoka kwanza, za nchani mwisho, na ukame huzichelewesha zaidi wakati mbelewele inamaliza kumwaga. Ncha ikiwa na vipunje vyeupe vilivyosinyaa, utungisho ulifanyika ila viinitete vilikufa kwa kukosa maji na sukari katika wiki mbili za mwanzo. Mapengo yaliyotawanyika gunzi zima huashiria chavua haba au wadudu waliokata ndevu.

Msingoje mavuno. Siku chache baada ya chavua kumwagika, vunja gunzi changa, pasua maganda kwa kisu kuanzia kitakoni bila kuvuta ndevu, yabandue taratibu, kisha litikise. Udevu ambao ovuli yake imetungishwa huachia na kuanguka; unaong'ang'ania bado. Jaribio hili halina gharama, nami natamani kila mwanachama alifanye.

Kwa mbegu chotara, kamati inashauri mistari ya baba (mimea inayotoa chavua) ipandwe kwa awamu mbili zinazopishana siku 5 hadi 7. Chavua humwagika zaidi kati ya saa 3 na saa 5 asubuhi, na ikishatoka huishi saa chache tu. Jua kali huiua mapema zaidi. Mbelewele za mistari ya mama (mimea inayozaa mbegu) zing'olewe kila siku kabla hazijaanza kumwaga. Shamba la mahindi la jirani liwe umbali usiopungua mita 200.

Wenye majaruba ya mpunga wana hatari yao. Ukame ukipiga takriban wiki mbili kabla ya suke kuchomoza, chavua huundwa bila wanga wa kutosha, na matokeo yake ni mapepe, yaani punje tupu. Tone la iodini chini ya hadubini linaonyesha wazi: chavua nzima hugeuka nyeusi, tasa hubaki na rangi hafifu. Maji kidogo yaliyopo yatunzwe kwa kipindi hicho.

Mwisho, ukaushaji. Kiinitete kichanga chenye unyevu mwingi hakistahimili joto. Lisizidi nyuzi 40. Turubai chini ya kivuli chenye upepo ni salama kuliko bati la saa saba mchana. Mbegu iingie ghalani ikiwa na unyevu usiozidi asilimia 13.

Katika kikao kijacho kila kikundi kilete magunzi 10 yenye mapengo, kila moja likiwa na tarehe ya kupanda na ya ndevu kutoka, tuyasome pamoja kabla ya kupanga kalenda ya upandaji.