RISALA YA UMOJA WA WANAFUNZI WA UZAMILI, USANIFU MAJENGO, KWA MGENI RASMI

Ndugu Mgeni Rasmi,
Ndugu Mkuu wa Idara, wahadhiri wetu, wazazi na wageni waalikwa,

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha. Tunakushukuru na wewe kwa kuacha shughuli zako na kufika kwa saa iliyopangwa, jambo ambalo hatujalizoea.

Ndugu Mgeni Rasmi,
Umoja wetu ulianza na watu 7 chini ya mwembe wa maegesho. Leo tuna katiba, muhuri na fulana. Mafanikio ni mengi. Tumepima na kuchora nyumba nzima ya ghorofa mbili Mji Mkongwe, Zanzibar, isipokuwa paa, ambalo ngazi yetu haikulifikia.

Wazazi hutuuliza shahada ya pili ya nini. Wengine wetu watafundisha, wengine watakwenda halmashauri au kampuni za ushauri, kisha wasajiliwe na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Wapo pia wanaosomea uhifadhi. Jumba la Maajabu la huko huko Mji Mkongwe, lililojengwa 1883, liliporomoka sehemu Desemba 2020 na watu wawili wakapoteza maisha. Majengo ya aina hiyo yanahitaji wa kuyapima na kuyachora kabla hayajaanguka.

Ndugu Mgeni Rasmi,
Kuchora huko ndiko kunakotuleta kwenye ombi letu, nalo ni moja: plota, yaani mashine ya kuchapisha michoro mikubwa.

Jopo la mitihani husoma michoro ikiwa imebandikwa ukutani, karatasi kubwa za A1, si kwenye simu. Hatuna mashine ya kuzichapisha. Usiku wa kuamkia mtihani tunapanga foleni steshenari za mjini, pamoja na wenye mabango ya harusi, na wao hupewa kipaumbele kwa sababu wanalipa taslimu. Asubuhi tunapanda daladala na mirija ya michoro, konda akidai nauli ya mrija. Masika iliyopita mwenzetu alinyeshewa. Wino ukatiririka, akasimama mbele ya jopo kutetea nyumba ambayo ngazi zake zimehamia sebuleni. Alipewa alama za ubunifu.

Mwaka juzi, mgeni rasmi aliyesimama hapo ulipo alituahidi plota ndani ya mwezi mmoja. Tulimpigia makofi, tukatenga meza, fundi akaweka soketi. Tulipokumbushia kwa barua tuliambiwa suala linafanyiwa kazi. Bila shaka bado linafanyiwa. Meza hiyo sasa inakaa chupa za chai.

Hatusemi haya kwa kulalamika. Tunakuomba tu, kwa heshima zote, utamke tarehe, na katibu yuko tayari na kalamu.

Vipimo vya mashine tumeviambatanisha nyuma ya risala hii, upana wa karatasi umepigiwa mstari mara mbili, kwa kuwa mwaka jana tuliletewa printa ya A4.

Tunaomba kuwasilisha.