Lupita hakuokotwa barabarani, Mhariri

Kwako Mhariri,

Habari za kazi. Mimi ni msusi, niko na saloni ndogo huku Umoja, Nairobi, na gazeti lenu hukaa kwa meza ya wateja mpaka likararuke, kwa hivyo msidhani nawaandikia kwa ubaya. Lakini juzi mlitoa stori ya mwigizaji wetu Lupita Nyong'o kwa ukurasa wa burudani, nusu ya ukurasa ni picha ya gauni, halafu chini mnasema ati aliibuka ghafla na bahati ikamwangukia. Mteja mmoja alikuwa amekaa chini ya draya akaisoma hiyo sentensi kwa sauti, akamwangalia binti yangu aliyekuwa anafagia, akamwambia si unaona, ni bahati tu, wacha kujisumbua na hiyo drama yako. Binti yangu yuko kidato cha tatu na yuko kwa klabu ya drama shuleni. Hakujibu, aliendelea kufagia. Aliyekasirika ni mimi.

Bahati gani hiyo jamani? Huyu dada alizaliwa Mexico City tarehe 1 Machi 1983, baba yake Profesa Anyang' Nyong'o alikuwa huko akifundisha maanake siasa za hapa kwetu miaka hiyo mtu wa maoni yake alikuwa hapati pa kupumulia, na jina lenyewe Lupita ni la huko, ni kifupi cha Guadalupe. Akaletwa nyumbani bado mchanga. Akiwa na miaka 14 akapanda jukwaani na kundi la Phoenix Players hapa Nairobi, akacheza Juliet wa ile Romeo na Juliet ya Shakespeare. Kumi na minne! Wangu ako na 17 na bado napigana naye aamke. Na lile jukwaa la Phoenix lilikuwa pale Professional Centre, Parliament Road, walio na umri wangu watalikumbuka, sasa hivi ukienda pale hulipati. Hiyo nayo ni stori mngeandika, lakini wacha niendelee.

Akiwa na 16 wazazi wakamrudisha Mexico akajifunze Kihispania, kisha akaenda Marekani, Hampshire College, akasomea mambo ya filamu na tamthilia. Sasa hapa ndio nataka msikize vizuri. Filamu ya The Constant Gardener ilipopigwa hapa Kenya mwaka 2004, Lupita alikuwa pale kwa seti na hakuwa anaigiza, alikuwa msaidizi, wale wa kutumwatumwa. Ralph Fiennes, yule mwigizaji mkubwa wa Uingereza, akamuuliza anataka kufanya nini maishani, akajibu kwa aibu kwamba anataka kuigiza, na mzungu badala ya kumpa moyo akashusha pumzi akamwambia aifanye kazi hiyo ikiwa tu anaona hawezi kuishi bila hiyo. Basi.

Mimi niliposikia hivyo nikajua Lupita ni fundi mwenzangu. Kazi yangu nilijifunza kwa mama mmoja wa mtaa wa Jericho, na mwaka mzima wa kwanza sikugusa kichwa cha mtu, nilikuwa nafagia nywele, nafua taulo, nachemsha maji kwa jiko stima ikipotea, nachambua zile nywele za paketi nampitishia yeye moja moja. Lakini macho hayakuwa yamelala. Nilikuwa naona vile anagawanya kwa mkia wa kichana, vile anazuia ngozi ya kichwa na kidole cha mwisho ili mteja asisikie ikivutwa, hicho kidole hakuna mtu alinifunza, nilikiiba kwa macho nikiwa nimebeba beseni. Nikija kufungua yangu watu wa mtaa wakasema ai, huyu ameanza juzi na tayari ana wateja.

Mwaka 2009 Lupita akarudi nyumbani akacheza kwa Shuga, ile tamthilia ya MTV ya vijana na mambo ya ukimwi, wengi wetu ndio tulimwonea hapo mara ya kwanza na hatukushika hata jina. Mwaka huohuo akatoa filamu yake mwenyewe, ameiandika na kuielekeza yeye, inaitwa In My Genes, inahusu Wakenya wenye ualbino na vile wanaishi na macho ya watu. Mhariri, hiyo ndio kazi yake ninayoipenda kuliko zote na sijawahi kuisoma kwa gazeti lenu hata kwa mstari mmoja. Mtu anayekuja baadaye kuwa uso wa wanawake weusi tititi dunia nzima alianza kwa kuuliza vile anaishi Mwafrika ambaye ngozi yake haina rangi. Niko na mteja mwenye ualbino, huja Jumatatu asubuhi peke yake kwa sababu Jumamosi watu wanamkodolea macho, ndio maana nalijua hilo jambo kwa karibu.

Halafu akarudi tena shule! Akaenda chuo cha Yale kule Marekani, shule yake ya uigizaji, miaka mitatu, akamaliza 2012. Hesabuni sasa, kutoka Juliet wa Phoenix mpaka 12 Years a Slave ya mwaka 2013 ni kama miaka 16 hivi. Ghafla yenu ni ndefu kweli.

Najua mtaniambia baba yake alikuwa profesa, akawa waziri, akawa seneta na gavana wa Kisumu, mkono mtupu haukuwa wake. Ni kweli na sitawadanganya, binti ya msusi wa Umoja hatapelekwa Mexico kujifunza lugha. Lakini watoto wa wakubwa hapa Kenya ni wangapi, na wangapi walikubali kutumwa chai kwa seti?

Hiyo filamu ya 12 Years a Slave niliiangalia nyumbani kwa dividii, ya Steve McQueen, inatoka kwa kisa cha kweli cha Solomon Northup, mtu huru aliyetekwa akauzwa utumwani kule Marekani ya kusini. Lupita ni Patsey, mtumwa wa shamba la pamba. Kuna pahali Patsey ametoka Jumapili kwenda shamba la jirani, bwana wake Epps, yule aliyechezwa na Michael Fassbender, anamngoja akiwa amewaka moto, na Patsey anarudi na kipande cha sabuni mkononi. Alikuwa ameenda kutafuta sabuni. Bibi wa Epps amemnyima hata ya kuogea. Anajitetea kwamba anachuma pamba kuliko mwanamume yeyote pale, zaidi ya kilo 200 kwa siku, na anachodai ni kuwa msafi tu. Kisha anafungwa kwa mti anapigwa, sitaki kuelezea, walioona wanajua. Mimi muda wote nilikuwa naitafuta ile sabuni kwa macho, iko wapi, bado ameishika? Nikaizima tivii nikatoka nje kidogo. Kwa saloni natumia sabuni ndoo nzima kwa wiki na siku hiyo nilikuwa naiangalia kama kitu kigeni. Mtu akikufanya uangalie sabuni hivyo, msiniambie ni bahati.

Alfajiri ya Jumatatu tarehe 3 Machi 2014 kwa saa zetu akapewa Oska ya mwigizaji msaidizi wa kike, Mkenya wa kwanza kuipata kwa uigizaji, kule Marekani ikiwa bado tarehe 2, siku moja tu baada ya kufikisha miaka 31. Akasema maneno yale kwamba popote utokapo ndoto zako ni halali, mpaka leo yako kwa matatu na madaftari ya shule. Wakenya na Wamexico wakaanza kuvutana, ni wetu, ni wetu. Kushinda ndiko huleta jamaa.

Wiki hiyo kwa saloni sijawahi kuona. Wanawake walikuwa wanaingia wakiwa na simu, nataka hii, wananionyesha kichwa cha Lupita, nywele fupi asilia, zimenyolewa kando zimeachwa juu. Watu waliokuwa wametia dawa miaka kumi na kitu wanaambia mashine ipite. Mmoja alilia nikimaliza, nikadhani nimeharibu, kumbe alikuwa hajawahi kuona umbo la kichwa chake. Na pale nyuma, siku chache kabla ya Oska, Lupita alikuwa ametoa hotuba kwa mkutano wa wanawake weusi wa Hollywood ulioandaliwa na jarida la Essence, akasimulia vile akiwa mtoto alikuwa anamwomba Mungu aamke akiwa mweupe, anaamka anakimbilia kioo, anakuta bado ni yule yule, mpaka alipomwona Alek Wek, yule modo wa Sudan Kusini, watu wanamsifu. Akasoma na barua ya msichana aliyekuwa karibu kununua krimu ya kujichubua akaghairi baada ya kumwona yeye. Hizo krimu hata mimi nilikuwa nauza. Naandika hapa kwa gazeti na jina langu mnalo ofisini. Nilikuwa naziweka chini ya kaunta, na mwezi huo wa Machi nikaziondoa, ingawa wateja wawili walihama wakaenda kwa jirani ambaye bado anazo.

Mwaka 2017 jarida la Grazia la Uingereza likamweka mbele halafu likafuta nywele zake kwa kompyuta, zile za kufungwa nyuma zikatolewa zikalainishwa, na yeye akaweka picha zote mbili kwa mtandao watu wajionee. Kama msusi hilo liliniuma zaidi hata ya yeye, kuna mwenzangu alisimama masaa na kile kichwa halafu mtu wa kompyuta anakipangusa kama vumbi.

Mwaka huohuo Oktoba akaandika kwa New York Times vile Harvey Weinstein, yule mtayarishaji mkubwa wa filamu za Hollywood, alivyomsumbua kimapenzi akiwa bado mwanafunzi wa Yale, akamkatalia. Hiyo nimemsomesha binti yangu neno kwa neno, kwa sababu hapa mtaani kuna mtu, jina siliweki, alikuja kusema anatafuta wasichana wa kuigiza, anataka elfu tatu za kujiandikisha na picha, na mazungumzo yafanyike usiku. Nilimfukuza na chanuo mkononi.

Kazi zingine sitazitaja zote. Katika Star Wars ya 2015 nilimtafuta muvi nzima, nauliza Lupita anaingia saa ngapi, kijana wangu akanicheka, mama si huyo hapo, ndiye yule kikongwe mfupi wa miwani, Maz Kanata, wamemchora na kompyuta juu yake. Nikaona wamelipia uso huo halafu wakauficha. Kwa Us ya 2019 amecheza watu wawili, mwenyewe na adui yake, na akalaumiwa kwa sababu sauti ya yule wa pili aliitoa kwa ugonjwa wa koo walionao watu wa kweli, akaomba msamaha, na nafikiri alistahili kulaumiwa ingawa uigizaji wenyewe ni wa kutisha. Black Panther mnaijua.

Mimi hurudia Queen of Katwe, ya 2016, ile ya Mira Nair iliyopigwa Kampala. Lupita ni Harriet, mama yake Phiona Mutesi bingwa wa chesi, mjane anauza mahindi. Kuna pahali anatoa kitambaa chake cha thamani akauze apate mafuta ya taa mtoto asome usiku. Anavyopatana bei na yule mwanamume, hatabasamu, hajilegezi, shingo iko juu, na bado unajua kwamba asipouza leo hakuna taa. Mama yangu aliuza mahindi pale soko la Burma, akaniambia mwigizaji huyu lazima aliketi na wauzaji siku nyingi, kwa sababu hata vile anaketi ni kwa mtu ambaye kiti chake ni debe.

Kwa hivyo Mhariri naomba kitu kimoja. Mkiandika tena ukurasa huo, gauni liwe dogo. Tuandikieni ni chuo gani hapa kinafunza uigizaji, ada ni ngapi, anayetaka kuanza kwa kubeba nyaya na kupeleka chai kwa seti anaenda kwa nani asiibiwe. Tamasha za drama za shule zikianza mtume mwandishi, watoto wanatembea na basi usiku kucha na hakuna anayewaandika. Wangu amepewa nafasi ya nyanya, anasema maneno manne tu kwa mchezo mzima, na wiki hii amekuwa akinisumbua nimwonyeshe vile nyanya yake huketi.

Wako,
Msusi wa Umoja, Nairobi