Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: tuambiwe chupa za "kusafisha ini" zina nini

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Dodoma.

Salaam. Ninapoandika, chupa iko mezani mbele yangu. Ni chupa ya maji ya nusu lita iliyokwisha kutumika, ndani mna maji ya kahawia na mashapo yametuama chini. Imebandikwa kipande cha fotokopi: "Dawa ya ini. Inasafisha, inalinda. Vijiko 2 kutwa mara 3." Jina la mti halipo, wala namba ya usajili. Mdogo wangu alimaliza tatu kama hii, kisha macho yake yakawa ya njano.

Alikuwa na homa ya ini aina ya B, na kliniki walishamwanzishia tenofovia, vidonge vya kudhibiti virusi vyake. Akaiacha, kwa kuwa muuzaji alimwambia kemikali za hospitali ndizo zinazoua ini. Siwezi kuapa kwamba chupa ndiyo iliyomdhuru. Kuacha vidonge ghafla nako huamsha ugonjwa. Lakini daktari alipotuuliza, "Amekunywa mti gani?" tulitazamana tu.

Mheshimiwa, mimi siidharau miti. Mama alitulea kwa mwarobaini. Na ulinzi wa ini kutoka kwenye mimea si hadithi. Kuna mmea wa miiba wenye maua ya zambarau, asili yake pande za Mediterania, ambao mbegu zake zina mchanganyiko wa kemikali uitwao silimarini. Sehemu yake moja, silibini, madaktari wa Ulaya huwatundikia kwa dripu waliokula uyoga wa sumu, maana huziba njia ambayo sumu hupitia kuingia kwenye seli za ini. Silimarini hiyohiyo ilijaribiwa Marekani kwa wagonjwa 154 wenye homa ya ini aina ya C ya kudumu. Matokeo yalitoka mwaka 2012: haikuwasaidia kuliko vidonge visivyo na dawa. Basi hii ya fotokopi inalilinda ini la nani, na dhidi ya nini?

Hata binzari manjano, tunayoila kwenye mchuzi bila wasiwasi, ilipokolezwa na kufanywa vidonge, huko Italia mwaka 2019 ilihusishwa na wagonjwa kadhaa wa homa ya ini.

Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala tunayo tangu 2002, na Baraza lipo. Naomba dawa yoyote inayotaja ini isiuzwe bila jina la mti, sehemu iliyotumika na namba ya usajili, na ipimwe kwanza kama yenyewe hailidhuru ini. Wakaguzi wafike stendi na minadani, huko ndiko chupa ziliko. Na wauguzi waelekezwe kuuliza habari za mitishamba bila kukaripia. Mdogo wangu alizificha chupa zake uvunguni kwa kuogopa kufokewa, akalala wodini siku nne kabla hatujaziona.

Hii moja ilibaki nusu. Mkiihitaji maabara, nitaileta mwenyewe.

Dada wa mgonjwa