Kwa bibi na mashangazi wenzangu wa Busia: mwacheni mtoto apumue

Bibi wenzangu, mashangazi, na nyinyi akina mama wakwe,

Nawasalimu, ingawa nina uchungu. Jumapili ya juzi tulijazana kwa jirani yangu kumwona mjukuu aliyezaliwa kabla ya wakati, mimba ikiwa na wiki 31, uzito gramu 1,400. Alikuwa na siku tatu tu tangu atoke hospitali. Nilihesabu watu 17 kwenye sebule ya viti sita. Shangazi mmoja, mafua yanamtiririka, alimtoa mtoto kifuani kwa mamake, akambusu mdomoni, akampa mwenzake. Yule mwenzake alikuwa ametoka kulipa boda, noti za chenji bado ziko kiganjani. Binti alitutazama tu. Mke wa watu atasema nini mbele ya wakwe zake? Nami mkunga wa miaka 28 nilikuwepo, nikanyamaza nisije nikaambiwa najifanya. Leo mtoto yuko kwenye oksijeni. Ni nimonia.

Sikilizeni. Mapafu ya mtoto huanza kutengeneza ule utelezi unaozuia vifuko vya hewa kushikana karibu na wiki ya 24, na haumtoshi mpaka wiki ya 34 au 35. Kinga ya mama nayo humfikia kwa wingi katika miezi mitatu ya mwisho. Huyu njiti wetu alitoka kabla hajapewa fungu lake. Mafua ambayo wewe unayamaliza kwa chai ya tangawizi, kwake hushuka kifuani. Kijidudu kikiingia kwenye damu, mwili mzima huwaka kupigana nacho, na mapigano hayo hayo huvimbisha mapafu, huyajaza maji, na mara nyingine huyaachia makovu. Wala msingoje homa. Wengi wao hawachemki; wanapoa tu, wanakataa ziwa.

Mikono, jamani! Sabuni na maji yanayotiririka, katikati ya vidole, chini ya kucha, pete na bangili zimevuliwa. Kupangusa kwenye kitenge si kunawa. Mwenye kikohozi asivuke kizingiti, hata kama ndiye aliyempa mtoto jina. Na mtoto akae kifuani kwa mamake, ngozi kwa ngozi. Njia hiyo ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, hospitali ilipozidiwa na watoto, na sasa Shirika la Afya Duniani linataka akae hivyo kwa muda wa saa 8 hadi 24 kila siku. Mama hajivuni anapokataa kumtoa. Anamtibu.

Mengine mnayajua, nayataja tu. Sigiri ikae nje. Maziwa ya kwanza ya manjano hayamwagwi. Kitovu hakipakwi majivu wala kinyesi cha ng'ombe. Chanjo zisicheleweshwe. Mjamzito anayetokwa na uchafu unaonuka ukeni au mwenye mkojo unaochoma apelekwe kituo cha afya, asifichwe na mitishamba, maana maambukizi ya tumboni huyafikia mapafu ya mtoto kabla hajazaliwa. Uchungu ukianza mapema, mkimbizeni: ipo sindano ya kukomaza mapafu, lakini apewe kabla ya kujifungua. Mtoto akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika, kifua kikibonyea, akiguna, ni usiku huo huo, msisubiri jogoo.

Sitawalaumu nyinyi peke yenu. Katika wodi aliyolazwa mtoto huyu bomba lilikuwa kavu, na mamake alinunua maji ya kunawa kwa jerikeni. Mwaka huu nimealikwa kwenye kamati nne za harusi, na kila moja ilikusanya mamilioni. Ya kununulia wodi ile tanki la maji sijawahi kualikwa, na aibu hiyo ni yetu sote, pamoja na viongozi tunaowapigia kura.

Mtoto akiruhusiwa, anayempenda ateke maji, afue nepi, amletee mama uji wa moto. Salamu zitapitia dirishani. Mlangoni nitakaa mimi, na ndoo ya bomba na kipande cha sabuni, na safari hii sitanyamaza.